Lend au borrow, house au home: maswali ya Kiingereza yanayoulizwa sana hapa saiba Kondele

Hapa Kondele, Kisumu, watu wanakuja saiba kuchapa kila kitu, barua ya kazi, kumbukumbu za mkutano wa chama cha kuweka na kukopeshana pesa, eulogy, stetmenti ya kupeleka polisi, agrimenti ya shamba, na karibu kila siku kuna mtu anasimama nyuma ya kompyuta anauliza, sasa hapa niweke neno gani kati ya haya mawili. Maswali ni yale yale so nimeyakusanya. Sijafuata mpangilio wa kitabu, nimeanza na yale yanaletea watu shida ya kweli, ya pesa na ya ardhi na ya kesi, yale ya herufi moja tu kukosea nimeyaweka huko chini.

"Lend" na "borrow", gani ni gani?

Kopa ni "borrow", kopesha ni "lend". Anayepokea ndiye ana-borrow, anayetoa ndiye ana-lend. Wenye wanatuchanganya ni kuazima, manake sisi tunasema "nimeazima jembe kwa jirani" na tena tunasema "niazime jembe lako", neno moja linaenda pande zote mbili, ndio unapata mtu ameandika "please borrow me two thousand" akimaanisha nikopeshe. Mwenye anajua Kiingereza akisoma hio anaona ni kama umemwambia akuchukue wewe mwenyewe kwa mkopo.

Angalia pia kaneno kanakofuata. Una-borrow "from" mtu, una-lend "to" mtu. Na jana ya "lend", yaani ukisema kitendo kilichopita, ni "lent", hakuna "lended".

Kwa vitabu vya chama hii ni maneno mazito kabisa. Sentensi kama "The treasurer borrowed the member 10,000" mimi huizuia hapo hapo kabla haijaprintiwa, kwa sababu mwaka ukiisha na watu wakitaka kugawana, hakuna mtu ataweza kusema kama mweka hazina alikopa au alikopesha, na chama nyingi zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Andika "The group lent the member 10,000" au "The member borrowed 10,000 from the group". Ona pia nimetoa mweka hazina hapo, manake hakopeshi pesa yake, anakopesha ya wote.

"Loan" nayo ni mkopo wenyewe. Wamarekani wanaitumia pia kama kitenzi, "loan me some money", na si kosa kwao, lakini shule zetu zinafuata Uingereza, so kwa barua rasmi kaa na "lend". Ukitumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, wewe ndio una-borrow, benki ndio ina-lend.

Hiyo ya kopa na kopesha inasaidia kwa maneno mengine?

Inasaidia sana, na hapa ndipo mimi husimamisha mtu nimweleze polepole. Ule mnyambuliko tulifundishwa primary, kauli ya kutendesha, wengi walidhani ni ya mtihani tu ikaishia hapo. Kumbe mtu mwenye anajua Kiswahili vizuri tayari ako na tofauti yote kichwani, kimebaki tu kujua Kiingereza kinaiandika aje. Sisi tunabadilisha mkia wa neno, wao wanabadilisha neno lote au vokali ya katikati.

Kumbuka ni "remember", kumbusha ni "remind". Kwa hivyo si "remember me to send the fare", ni "remind me". Hio "remember me to your mother" ipo, lakini maana yake ni nisalimie mamako. Jifunza ni "learn", funza ni "teach", basi.

Panda ni "rise", pandisha ni "raise". Desemba ikifika kila mtu anajua nauli ya kutoka Nairobi kuja Kisumu inafanya nini. Ukiandika "fares rose" umesema tu bei ilipanda, ni kama ilijipandia yenyewe, hakuna mwenye kosa. Ukiandika "the sacco raised the fares" umetaja mtu. Kama barua yako ni ya kulalamika tumia "raise", manake unataka kuna mtu ajibu.

Anguka ni "fall" na angusha, kwa mti, ni "fell". Watu wengi wanajua "fell" kama jana ya "fall" peke yake. Lakini "he felled three trees on my land" ni Kiingereza safi kabisa, aliangusha miti mitatu kwa shamba langu, na kwa barua ya chifu ndio neno unataka.

Yenye inasumbua kuliko zote ni "lie" na "lay". Lala ni "lie", laza ni "lay". Mgonjwa "lies on the bed", nesi "lays him on the bed", kuku naye "lays eggs", analaza yai. Mpaka hapo ni rahisi, shida ni jana yake. Jana ya "lie" ni "lay", na jana ya "lay" ni "laid". Yaani neno "lay" linaonekana mara mbili, mara moja kama laza ya leo na mara ingine kama alilala ya jana. "Yesterday he lay in the ward the whole day", alilala. "Yesterday they laid him in the ward", walimlaza. Na "lied" ni ya uongo peke yake, so ukiandika kwa stetmenti "he lied on the floor" polisi ataelewa alidanganya akiwa sakafuni. Hapa hakuna njia ya mkato, kariri tu: lie, lay, lain. Lay, laid, laid.

"House" na "home" si ni kitu kimoja?

Hapana, na huku kwetu hilo swali lilifika mpaka Court of Appeal.

Wakili S.M. Otieno alikufa Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwa shamba lao la Upper Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema hapana, atazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda miezi, nchi nzima inafuata kwa gazeti, na kati ya mambo yaliyovutaniwa sana pale kortini ni hili: Mjaluo akijenga Nairobi, hio ni house au inaweza kuwa home? Upande wa ukoo ulishikilia kwamba mtu anaweza kuwa na house Nairobi lakini home yake ni kwao. Kwa Kiluo hayo ni maneno mawili ambayo hata mtoto hachanganyi, "ot" na "dala". Ot unajenga ukiwa na pesa. Dala inaanzishwa, kuna utaratibu, kuna jogoo, kuna shoka, kuna moto, na kuna nani atangulie nani afuate. Korti iliangalia sheria ya mila na Mei 1987 ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga mwezi huo huo.

Kiingereza cha kawaida hakina jogoo na shoka lakini tofauti iko pale pale. "House" ni jengo, lina mabati, lina kodi, linauzwa. "Home" ni kwenu, hata kama jengo lilianguka kitambo. Ndio maana unasema "I am going home" bila "to", lakini "I am going to my house" inahitaji "to". Kwa fomu ya kazi wakiuliza home county wanataka kwenu, wakiuliza residence wanataka pale unapolala wiki hii.

Na kuna watu huniuliza, mimi nimezaliwa Nakuru, wazazi wangu wamezikwa Nakuru, niandike home ni wapi na watu wanasema kwetu ni Vihiga? Andika Nakuru. Home ni yako kutaja, na kwa nchi yenye watu wamewahi kufukuzwa kwa sababu ya hilo neno, mimi siwezi kumsahihisha mtu hapo.

Kwa eulogy ni "deceased" au "diseased"?

"Deceased" ni marehemu. "Diseased" ni mwenye ugonjwa. Hii tafadhali soma mara mbili kabla ya kuprinti. Familia inakuja usiku, hawajalala, mochari wanangojea, gari linatoka saa kumi na moja asubuhi, na kijana wa kuchapa naye anaharakisha, halafu karatasi mia mbili zinatoka zimeandikwa "the diseased was born in Ugenya". Wenye wanajua hawatasema kitu siku hio lakini wataona, na hio karatasi inawekwa miaka na miaka. Kama unaogopa kukosea andika "the late" na jina, "the late Mama Akinyi", inatosha na iko na heshima. Ila "late" lazima ifuatwe na jina au cheo, "the late" peke yake imening'inia haisemi kitu.

Hapo hapo, "survived by" ni wale amewaacha hai, na "predeceased by" ni wale walimtangulia. Nimeona zikigeuzwa, mtoto ako hai amesimama kaburini anajisoma kwa orodha ya waliokufa.

Gor "won" Leopards au Gor "beat" Leopards?

"Beat". Gor Mahia na AFC Leopards ni timu za mpira. Sisi kushinda ni kushinda, tunashinda mechi na tunashinda timu, neno ni hilo hilo. Wao wamegawa. Una-"win" kitu, mechi, kombe, tenda, kesi, kura. Una-"beat" mtu au timu. "Gor beat Leopards and won the derby."

Mfano wenye naupenda ni ule wa 1987, Gor walipochukua kombe la Afrika la washindi wa makombe, lile watu wanaita la Mandela, mbele ya Espérance ya Tunisia. Kule Tunis walitoka 2-2, Nairobi wakatoka 1-1, Gor wakachukua kwa mabao ya ugenini. Sasa fikiria hapo vizuri. "Gor won the cup", ni kweli kabisa. Lakini hakuna hata mechi moja kati ya hizo mbili ambayo "Gor beat Espérance", zote zilikuwa droo. Ukiweza kuona vile sentensi ya kwanza ni kweli na ya pili si kweli, basi umeshaelewa.

Simu yangu "was robbed" ama "was stolen"?

Simu haiwezi kuwa "robbed". Mtu ndio ana-"rob"-iwa, au benki, au duka. Kitu kina-"steal"-iwa. "I was robbed of my phone" sawa, "my phone was stolen" sawa. Kiswahili kinajua, kuiba ni kitu na kuibia ni mtu.

Lakini kuna kitu kikubwa zaidi ya sarufi. Kwa Penal Code yetu stealing na robbery ni makosa tofauti. Stealing iko kifungu cha 268, ni kuchukua cha mwenyewe bila haki. Robbery iko 295, na lazima kuwe na nguvu au tishio la nguvu, na ikifika 296 ya silaha au kundi la watu au kuumiza mtu, adhabu yake ni nzito kuliko karibu makosa yote. So ukienda kuandikisha OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kama simu ilitolewa kwa mfuko ndani ya matatu bila wewe kujua, hio ni "stolen". Kama vijana wawili walikushika shingo pale chini ya daraja, sema "robbed" na ueleze walivyokushika. Usiongeze na usipunguze, hilo neno moja linabadilisha kesi yote.

Hata kuvunja nyumba kuna majina mawili. Mchana inaitwa housebreaking, usiku inaitwa burglary. Saa iliyotendeka ndio inabadilisha jina.

"Hire", "rent" na "lease"?

Zote ni kukodi, tofauti ni muda na kitu. "Hire" ni ya muda mfupi, hema na viti vya matanga, trakta ya kulima siku mbili, gauni la harusi. "Rent" ni ile ya kulipa kila mwezi, nyumba hasa. Wamarekani wanasema "rent a car", Waingereza "hire a car". "Lease" ni mkataba wa miaka, na mara nyingi ni ardhi. Wenzetu wa Mumias na Butere wenye wanapeana shamba mtu apande miwa, hio ni lease, kwa sababu miwa inakaa shambani na baada ya kukata inachipuka tena, so mkataba unahesabiwa kwa mavuno. Usikubali iandikwe "sale" kwa karatasi. Hata kama mnajuana, hata kama ni binamu.

Jihadhari na "rent" manake hii nayo inaenda pande zote mbili kama azima yetu. Mpangaji "rents from", mwenye nyumba "rents to". Ndio maana mageti yameandikwa "To Let", "let" ni ya mwenye nyumba peke yake, ni kupangisha.

Alikataa: refused, denied, rejected au declined?

Hapa ni Kiswahili chetu cha kila siku ndicho kimeweka yote kwa kapu moja. Jiulize, alikataa nini?

Alikataa kufanya kitu, ni "refused". Alikataa kwamba alifanya kitu, yaani alikana, ni "denied". Chukua sentensi mbili: "he refused to take the money" na "he denied taking the money". Ya kwanza ni mtu alipewa hongo akasema hapana. Ya pili ni mtu ameshtakiwa kwamba alichukua, anasema si mimi. Nimeona barua ya kumtetea mzee mmoja wa kanisa ikiwa imeandikwa kwa ile ya pili, na walikuwa wanataka kumsifu.

"Reject" ni kurudisha kitu ulicholetewa, ombi au mzigo. Mahindi yako yakifika bohari ya NCPB, bodi ya nafaka, na unyevu umepita asilimia 13.5, "they reject it". "Decline" ni kukataa kwa adabu, na kwa barua ya kukataa kazi au mwaliko ndio inafaa, "I must decline". Ukisema "I refuse" umemkasirikia mtu aliyekualika.

Kwanini siwezi kusema "I am hearing a bad smell"?

Kwa sababu kusikia kwetu ni kubwa kuliko "hear". Sisi tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia uchungu. "Hear" ni ya masikio tu. Harufu ni "smell", njaa na uchungu ni "feel". Kwa kliniki sema "I feel pain here". Na kusikia na kusikiliza hapo tuko sawa na wao, "hear" inakujia tu, "listen" unatega sikio.

Furnitures, equipments, luggages, hizi "s" ziko sawa?

Haziko, hata kama umeziona kwa mabango ya duka kutoka Kibuye mpaka Nakuru mjini. Kiingereza kinahesabu viti na meza lakini hakihesabu "furniture", kinaiona kama unga. "Advice", "information", "luggage", "equipment", "stationery", zote hivyo hivyo. Ukitaka kuhesabu weka "pieces of". "Work" pia haihesabiki lakini "job" inahesabika, so ni "I am looking for a job" au "I am looking for work", si "a work".

Mtu wa ziwani ataniuliza na "fishes"? Hio iko, na ina maana yake. Mbuta (Nile perch) kumi kwa boti ni "ten fish". "Fishes" ni aina tofauti tofauti. Wanasayansi wakiandika "the fishes of Lake Victoria" wanamaanisha spishi, na hapa walikuwa na nyingi za kuandika, wale wadogo tunaita fulu peke yao ni mamia ya spishi, na nyingi zilipungua au zikapotea baada ya mbuta kuletwa ziwani miaka ya 1950. Kwa menyu ya hoteli weka "fish".

Na zile zinakosana kwa herufi moja?

Haraka haraka. "Principal" ni mkuu wa shule ya upili, na pia ni ile pesa yenyewe uliyokopa sacco kabla ya riba, so "principal and interest". "Principle" ni msimamo. "Stationery" ni kalamu na karatasi, "stationary" ni kitu kimesimama, gari limepaki. "Advice" na c ni ushauri, "advise" na s ni kushauri. Kwa kufuata Uingereza "licence" na "practice" ni majina, "license" na "practise" ni vitenzi, kwa hivyo unabeba "driving licence". Wamarekani wanaandika "license" zote mbili, na "practice" zote mbili, chagua upande mmoja ukae hapo barua nzima. "Affect" ni kuathiri, "effect" ni athari, "the floods affected Nyando" na "the effect of the floods". Kuna "effect" ya kitenzi, maana yake kutekeleza, utaiona kwa barua za benki, "to effect payment".

"Less" au "fewer"?

Vinavyohesabika "fewer", visivyohesabika "less". "Fewer customers, less money". Sheria yenyewe si ya zamani sana, mwandishi Robert Baker ndiye aliandika kwamba anapendelea hivyo mwaka wa 1770, na kabla yake Waingereza walikuwa wanatumia "less" kwa vyote miaka mingi. Kwa mtihani na barua ya kazi fuata Baker. Kwa pesa, muda na umbali, hata kama kuna namba, ni "less": "less than 500 shillings", "less than two hours to Kericho".